Pasipoti Haisemi Mtoto ni wa Nani

  

Wasikilizaji wa Karagwe na Kyerwa, mazungumzo ya leo yanahusu safari ya mtoto. Sizungumzii safari ya kwenda kwa bibi kule Ihembe. Nazungumzia mtoto ambaye baba yake ni wa nchi moja na mama yake wa nchi nyingine, anayetoka nje ya Tanzania akiwa na mzazi mmoja tu. Mzazi huyo awe na karatasi gani mkononi? Mwenye kalamu aishike, na asiye nayo amwite mwanafunzi wa nyumbani amwandikie.

Tuanze na sababu ya jambo hili kutuhusu sisi hasa. Mto Kagera unatutenga na Uganda upande wa kaskazini na Rwanda upande wa magharibi, lakini koo haukuzitenga. Kyerwa tuna kata ya Isingiro, na Waganda wana wilaya nzima ya Isingiro. Mnyambo wa huku na Mnyankole wa ng'ambo wakikutana sokoni hawahitaji mkalimani. Binti zetu wameolewa Mbarara, vijana wetu wameoa Ntungamo, na wapo wazazi wa huku wanaowapeleka watoto kusoma Uganda kila muhula. Wapo pia waliooana na wageni kutoka Ulaya waliokuja kwa kazi za kanisa, za hospitali na za miradi, nao watoto wao wana babu mmoja Bugene na babu mwingine Ujerumani. Isitoshe, mtu wa huku akitaka kupanda ndege ya kwenda mbali, Entebbe na Kigali ziko karibu kuliko Dar es Salaam. Kwa hiyo mtoto wa Karagwe anayekwenda Ulaya mara nyingi hukaguliwa mara nne: akitoka Tanzania, akiingia nchi ya jirani, akitoka nchi hiyo, na akishuka huko aendako.

Kwanza tuelewane kuhusu uraia. Sheria ya Uraia ya Tanzania, Sura ya 357, haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mtoto anaruhusiwa. Aliye na mzazi Mtanzania na mzazi wa nchi nyingine anaweza kubeba uraia wote wawili hadi afikishe miaka 18. Hapo anatakiwa achague. Akiutaka wa Tanzania, aukane ule mwingine kwa utaratibu wa sheria; asipofanya hivyo, wa Tanzania unamponyoka. Nchi nyingine zimeshalegeza. Uganda iliruhusu uraia pacha kwa sheria ya mwaka 2009, Kenya ikauruhusu kwa Katiba ya mwaka 2010, na Ujerumani imeufungulia mlango tangu Juni 2024. Kwa hiyo mtoto wetu anaweza kuambiwa na upande wa pili kwamba hana haja ya kuchagua, kumbe upande wa kwetu saa inatembea. Mzazi, tia alama kwenye kalenda mwaka ambao mwanao atatimiza miaka 18.

Sasa twende mpakani. Ofisa wa Uhamiaji akimwona mama na mtoto wawili tu, ana maswali matatu kichwani hata kama hayatamki. Mtoto huyu ni nani? Mtu mzima huyu ni nani kwake? Na yule mzazi mwingine anajua kwamba mtoto anaondoka? Kila karatasi nitakayoitaja leo inajibu mojawapo ya maswali hayo. Ukiyashika hayo matatu, hata ukisahau orodha yangu utajua pengo lako liko wapi.

Swali la kwanza linajibiwa na hati ya kusafiria. Mtoto awe na hati yake mwenyewe, yenye picha yake na jina lake. Pasipoti ya sasa ya Tanzania, ile ya kielektroniki ya Afrika Mashariki iliyozinduliwa Januari 2018, mtoto hupewa ya kwake. Hasafiri kwa kuandikwa ndani ya pasipoti ya mama kama ilivyokuwa zamani. Ya kawaida ni shilingi 150,000. Fomu hujazwa mtandaoni, kisha hupelekwa ofisi ya Uhamiaji pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, uthibitisho wa uraia wa mzazi, na barua ya ridhaa ya mzazi au mlezi, kwa kuwa mwombaji yuko chini ya miaka 18. Kwa safari ya nchi jirani tu ipo hati ya dharura ya safari, ambayo bei yake ni ndogo. Wengi wa Murongo, kule mpakani, wanaifahamu hiyo. Lakini kama mtoto ataunganisha ndege Entebbe kwenda mbali, hati ya dharura haitamfikisha.

Swali la pili linajibiwa na cheti cha kuzaliwa, na hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Pasipoti inaeleza mtoto ni raia wa nchi gani, lakini haielezi mtoto ni wa nani. Majina ya baba na mama yako kwenye cheti cha kuzaliwa. Kwa hiyo hata kama pasipoti iko mkononi, cheti kisibaki kabatini. Beba cha asili pamoja na nakala iliyothibitishwa na wakili au hakimu.

Kwa upande wetu cheti hicho hutolewa na RITA, wakala wa serikali wa usajili. Mtoto mchanga aandikishwe ndani ya siku 90. Ukizipitisha inakuwa uandikishaji wa kuchelewa, nao una maswali mengi zaidi na viambatisho vingi zaidi. Kadi ya kliniki si cheti cha kuzaliwa. Cheti cha ubatizo si cheti cha kuzaliwa, ingawa vyote viwili husaidia kukipata. Kwa upande wa Uganda, kazi hiyo ni ya NIRA, mamlaka inayoandikisha hata watoto na kuwapa namba ya utambulisho, tofauti na NIDA yetu inayotoa kitambulisho kuanzia miaka 18.

Nisimame kidogo kwenye majina, kwa sababu ni tatizo la huku kwetu kabisa. Mtanzania huandikwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Ng'ambo ya mto mtoto hupewa jina lake la nyumbani na la ubatizo, na jina la baba linaweza lisionekane popote. Ndugu wanne wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina manne yasiyofanana, na kijijini hakuna anayeshangaa. Sasa tuseme mtoto wa mama wa Nkwenda na baba wa Mbarara ameandikishwa mara mbili, huku na kule. Kwenye cheti cha Tanzania anaitwa hivi, kwenye pasipoti ya Uganda anaitwa vile, na mama yake anayeongozana naye hana jina hata moja linalofanana na la mtoto. Murongo atapita, maana ofisa wa hapo anajua desturi zetu. Kwenye uwanja wa ndege wa Ulaya, ambako familia nyingi hutumia jina moja la ukoo, mama atawekwa pembeni.

Dawa ni kuyaoanisha majina mapema. Mnapoandikisha mara ya pili, peleka cheti cha kwanza na omba jina liandikwe vilevile, herufi kwa herufi. Kama tayari yametofautiana, nenda kwa wakili uape hati ya kiapo inayosema kwamba majina haya na yale ni ya mtoto mmoja, aliyezaliwa tarehe fulani kwa wazazi fulani. Na mama aliyebadilisha jina baada ya ndoa abebe cheti cha ndoa, kionyeshe kwamba jina lililoko kwenye cheti cha mtoto na lililoko kwenye pasipoti yake ni la mtu yuleyule.

Swali la tatu ndilo zito, na karatasi yake ndiyo isiyojulikana sana huku: barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki. Nasikia baba mmoja akiguna huko Rwambaizi, kwamba yeye kumpeleka mwanawe wa kumzaa kwa shangazi yake Mbarara aombe kibali cha nani. Baba, nakuelewa. Lakini jiweke upande wa pili. Umekwenda Bukoba siku mbili, unarudi, mkeo kavuka na mtoto, na simu haipatikani. Siku hiyo utatamani ofisa wa mpakani awe alimuuliza hilo swali. Ridhaa inamlinda anayesafiri asishukiwe, na inamlinda anayebaki asiporwe mtoto.

Tazameni tunavyofanya na kahawa. Gunia likitoka kwa mkulima kwenda chama cha msingi lina stakabadhi, likipelekwa KDCU, chama kikuu cha ushirika, lina karatasi, na likikamatwa njiani halina karatasi linaitwa magendo hata kama shamba ni lako. Mtoto je? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mtoto anashinda mali.

Barua ya ridhaa iandikweje? Andika jina kamili la mzazi anayebaki, namba ya kitambulisho chake au pasipoti yake, na simu inayopatikana. Andika jina la mtoto kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe yake ya kuzaliwa na namba ya pasipoti hiyo. Andika jina la mzazi anayesafiri naye. Taja nchi wanazokwenda na wanazopitia, tarehe ya kuondoka na tarehe ya kurudi, na mahali watakapofikia. Kisha mzazi anayebaki atie sahihi mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuapisha, mhuri upigwe, na nakala ya kitambulisho chake iambatishwe. Barua ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji inafaa kwa shughuli za hapa nchini. Ofisa wa Frankfurt hamjui mtendaji wetu. Iandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kama nchi mnayokwenda inatumia lugha nyingine, ulizeni ubalozi wao kama tafsiri rasmi inatakiwa na kama mhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje unahitajika juu ya ule wa wakili.

Msidhani nchi zote zina masharti sawa. Marekani na Canada huwashauri wazazi wabebe barua hiyo. Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi: kuanzia Juni 2015 ilidai kila mtoto awe na cheti kamili cha kuzaliwa kinachoonyesha wazazi wote wawili, na anayesafiri na mzazi mmoja awe na kiapo cha ridhaa cha mwingine. Familia zilirudishwa kwenye viwanja vya ndege hata kabla ya kupanda, kwa sababu shirika la ndege lilikagua karatasi hizo kwanza. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 2019, lakini somo limebaki. Masharti ya nchi hubadilika, kwa hiyo ulizia kabla ya kukata tiketi, kwa sababu aliyesafiri mwaka juzi anakumbuka masharti ya mwaka juzi.

Na kama mzazi wa pili hayupo? Mjane au mgane abebe cheti cha kifo. Walioachana, mwenye amri ya mahakama ya kukaa na mtoto abebe nakala ya amri hiyo yenye mhuri wa mahakama, na aisome vizuri: kukabidhiwa malezi hakumaanishi moja kwa moja kwamba umeruhusiwa kumtoa mtoto nje ya nchi. Mama ambaye cheti cha mtoto hakina jina la baba abebe hichohicho cheti, maana kinajieleza. Gumu ni la yule ambaye baba yupo kwenye cheti lakini alishapotea zamani, au yupo na anakataa kwa ukorofi tu. Huyo aanzie kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, kisha aende Mahakama ya Watoto kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mahakama huangalia maslahi ya mtoto kwanza, kabla ya hasira za baba na haraka za mama. Tafadhali msighushi sahihi ya mzazi mwenzako. Kughushi ni jinai, na likifumuka linaharibu hata haki uliyokuwa nayo.

Mtoto mwenye pasipoti mbili atumie ipi? Kanuni rahisi ni kwamba pasipoti uliyoingilia nchi fulani ndiyo unayotokea nchi hiyo. Mtoto aliyeingia Tanzania kwa pasipoti ya Ujerumani na viza, akitaka kutoka kwa pasipoti ya Tanzania, ofisa atatafuta muhuri wa kuingilia asiuone. Pasipoti zote mbili zisafiri naye, na muda wa kila moja uangaliwe, kwani nchi nyingi hutaka iwe na miezi sita mbele. Hakuna cha kuficha hapo, kwa kuwa sheria yetu inautambua uraia huo wa mtoto hadi miaka 18.

Karatasi ndogo inayosahaulika ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Uganda inaidai kwa kila msafiri aliyetimiza mwaka mmoja, na Tanzania inaidai kwa anayetoka nchi zenye ugonjwa huo. Ukichanjwa mara moja, kadi inatumika maisha yote. Ndivyo kanuni za kimataifa zilivyo tangu mwaka 2016. Mtoto achanjwe siku kumi kabla ya safari, kwa sababu kabla ya hapo kadi haijaanza kufanya kazi.

Sasa nifike kwenye ugomvi, maana safari nyingi za mzazi mmoja zinaanzia hapo. Upo Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980, unaozisaidia nchi wanachama kumrudisha haraka mtoto aliyehamishwa na mzazi mmoja bila ridhaa ya mwingine. Tanzania si mwanachama, na Uganda si mwanachama. Maana yake, mtoto akichukuliwa Kyerwa na kupelekwa ng'ambo, mzazi aliyebaki hana mlango huo wa mkato. Itabidi afungue kesi kwenye mahakama za huko, kwa wakili wa huko na gharama za huko. Na upande wa pili wa jambo hilo nao uko. Dada yetu aliyeolewa Ujerumani akitaka kumleta mtoto Kayanga kwa likizo, mahakama ya kule inaweza kusita kumruhusu kwa sababu hiyohiyo, kwamba mtoto akibakizwa huku hakuna mkataba wa kumrudisha. Barua yenye tarehe ya kurudi, na tiketi ya kwenda na kurudi, humsaidia sana mama huyo.

Kuna wanaosema haya yote ni ya watu wa mijini, kwamba sisi tumevuka Murongo tangu enzi za mababu bila kuulizwa cheti, na kwamba njia za panya zipo. Kwa hao nina jibu moja, nalo ni mwaka 2013. Julai ya mwaka ule ilitolewa amri kwamba wahamiaji wasio na vibali waondoke, na Septemba ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka, wengine kupitia Rusumo kwenda Rwanda, wengine kuvuka Murongo kwenda Uganda. Wilaya hizi mbili zinakumbuka. Nyumba zilizokuwa na mume wa nchi moja na mke wa nchi nyingine ziligawanyika. Watoto wengine wakabaki na mama, wengine wakaenda na baba. Katika siku zile jirani aliyekufahamu miaka 20 hakuwa na la kukusaidia. Mtoto ambaye mzazi mmoja alikuwa Mtanzania alikuwa na haki ya kubaki, lakini haki hiyo ilikuwa ngumu kuionyesha kama hakuandikishwa popote. Njia ya panya inakuvusha leo, lakini haikuachii muhuri utakaoonyesha kesho kwamba ulipita kihalali.

Pia tuseme ukweli kuhusu upande wa serikali. Mpakani maofisa wana wajibu wa kuuliza, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inawapa sababu ya kuuliza. Watoto wa mkoa huu wamewahi kuchukuliwa kwa ahadi za shule wakaishia kufanya kazi za ndani. Lakini mwananchi wa Kaisho anayetakiwa kupata cheti huku, wakili kule na pasipoti mahali pengine, anamaliza nauli kabla ya kuanza safari. Halmashauri zetu mbili, RITA na Uhamiaji wangeweza kukaa pamoja siku za soko, Nkwenda na Omurushaka, waandikishe watoto na kutoa fomu ya ridhaa iliyo tayari, ya kujaza tu. Mpaka wetu una familia mchanganyiko nyingi; haifai kila moja ijigundulie utaratibu peke yake.

Kabla sijawaaga, nirudie kwa walioshika kalamu. Pasipoti ya mtoto, zote mbili kama anazo. Cheti cha kuzaliwa cha asili na nakala iliyothibitishwa. Cheti cha ndoa kama majina ya mama yalibadilika, na hati ya kiapo kama majina ya mtoto hayafanani. Barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki, yenye mhuri wa wakili na nakala ya kitambulisho chake. Au badala yake cheti cha kifo, au amri ya mahakama. Kadi ya homa ya manjano. Tiketi ya kurudi. Nakala ya kila kitu aachiwe mtu wa nyumbani.

Na wewe mzazi unayenisikiliza na mwenzako yuko hapo jirani, mnaongea na mnacheka, karatasi hizi zitafuteni sasa. Ridhaa haina ugumu watu wakiwa wanapatana. Wakishagombana hununuliwa kwa kesi. Mwenye mtoto asiye na cheti, kesho asubuhi aanze safari ya kwenda kumwandikisha.